Kiti cha Dirishani

4 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku tuko wazima, na naanza na afya kama Mama anavyotaka, kutoka juu kwenda chini. Mimi kichwa kizuri, tumbo zuri, mgongo unalalamika kwa kubeba marobota ya karatasi. Mama miguu yake inatembea, simuni bado hasikii kitu, na macho yanazidi kuingia giza. Barua zako sasa namsomea mimi, neno kwa neno. Nikiruka mstari ananikamata papo hapo, sijui anajuaje.

Haya. Msimu wa mpira wa kikapu umeanza, na hapa kiwanda cha chapa ligi yetu ya kubuni nayo imeanza. Mwaka jana nilikueleza ukacheka, nakueleza tena ucheke vizuri. Kila mmoja wetu anaunda timu yake ya kwenye karatasi kwa kuchagua wachezaji wa kweli wa ligi kuu. Wao wakifunga huko viwanjani, wakidaka ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, wakitoa pasi, pointi zinaingia kwako. Mastaa tunagawana siku ya kwanza. Waliobaki, ambao hakuna aliyewataka, ndio wachezaji huru. Kila Jumatatu unaruhusiwa kumtupa mmoja wako na kumchukua mmoja wao. Ukiokota mtu ambaye wenzako hawajamwona bado, umewamaliza.

Hatuchezi kwa pesa. Bingwa anakalia kiti cha dirishani mwaka mzima, penye hewa, mbali na kelele za mtambo. Wa mwisho anawachemshia wote chai mwaka mzima. Mwaka jana wa mwisho nilikuwa mimi. Msimamizi wetu ananiita Chai, na ananiita hivyo mbele ya wateja. Juzi mama mmoja aliyeleta kadi za harusi kaniuliza, "Bwana Chai, wino umekauka?" Watu wakavunjika mbavu. Nikacheka nao, lakini niliumia, Dada, sikufichi. Mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa wewe ni mchua misuli wa timu ya ligi kuu. Kila mguu unapita mikononi mwako. Unajua nani mzima na nani mbovu kabla ya gazeti kujua. Naomba neno moja tu.

Mdogo wako,
Kitinda


21 Oktoba

Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Mama anatembea. Mnunulie zile sandali za soli laini, zile za zamani zinamharibu.

Afya kwanza: kichwa, kifua, tumbo, miguu, vyote salama. Mkono wa kulia, shina la kidole gumba linaniuma, zaidi asubuhi. Linakuja na kuondoka. Msomee Mama hivyo hivyo, usitie chumvi wala usipunguze, na uniandikie atakachosema.

Kuhusu neno lako moja, jibu ni hapana. Unadhani kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama bibi? Simu za wafanyakazi zinakaa kwa meneja msimu wote. Ukitaka kupiga unapiga ofisini kwake, mlango wazi. Habari ya nani mgonjwa ikitoka nje na ikajulikana imetoka kwangu, nafukuzwa siku hiyo hiyo, na hakuna klabu nyingine itakayonigusa. Nimefika hapa kwa jasho, wewe unajua. Kazi hii ndiyo maisha yangu. Usiniulize tena.

Ila kukufundisha kutazama si siri. Wewe na wenzako mnatazama aliyefunga sana jana. Huyo kila mtu kamwona. Tazama nani kocha anamwacha uwanjani dakika za mwisho mchezo ukiwa umebana. Tazama anayepewa muda mwingi na mipira yake inagonga chuma inatoka, maana huyo bahati itamgeukia, na watu watakuwa wameshamtupa. Tazama anayekaribia kupona, umchukue wiki moja kabla ya wenzako kumkumbuka. Halafu kaa na ratiba: kuna timu ina michezo minne wiki hii na nyingine ina miwili, na nyinyi mnahesabu kana kwamba wote sawa.

Karatasi za vikosi, zenye dakika za kila mchezaji, zinauzwa kila mahali. Zisome.

Dada yako


9 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mgongo umetulia. Mama kapata sandali zake, anazunguka nazo nyumba nzima kama askari wa zamu. Barua yako nilimsomea yote. Anakusalimu sana.

Nimefuata masomo yako, mwalimu. Jumatatu nilisimama mbele ya ubao wa ligi yetu nikatangaza namchukua yule wa akiba wa timu yenu, anayeingia Mnara, lile jitu lenu la katikati, akichoka. Si unajua tumempa jina? Tunamwita Karani, maana hana mbwembwe, anaokota ribaundi moja moja kama mtu anayepanga mafaili. Kiwanda kizima kilicheka. Mkataji wa karatasi aliniuliza kama nimechukua na mbeba maji wa timu. Msimamizi akasema, "Chai, weka sukari kabisa, wewe mwaka huu huendi popote."

Jumamosi Mnara hakucheza. Karani alicheza mchezo mzima na akadaka ribaundi mpaka mtangazaji akachoka kumtaja. Leo hii niko wa pili. Wa pili, Dada!

Mimi sikukuuliza kitu, na wewe hukuniambia kitu. Tuko pamoja?

Endelea kutuandikia afya yako bila kuficha, kama zamani.

Kitinda


2 Desemba

Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kwa sandali.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na mstari mmoja umeniweka roho juu. Unasema wewe hukuniuliza na mimi sikukuambia, halafu unaniuliza tuko pamoja. Pamoja kwenye nini? Sikukuambia kitu kwa sababu hakukuwa na cha kukuambia. Ukiandika hivyo, mtu mwingine akiisoma ataona watu wawili wanaokonyezana. Karani ulimchukuaje? Nijibu kwa lugha ya kueleweka.

Afya. Mkono bado, na umezidi. Juzi chupa ya mafuta ya kuchulia ilinitoka kiganjani ikapasuka sakafuni mbele ya wachezaji. Wakadhani nafanya utani. Utaona hata mwandiko umeanza kulala upande.

Mama kasemaje? Salamu nimezipata, lakini si kawaida ya Mama kusikia mtoto wake anaumwa akatoa salamu tu. Nilipokuwa shule niliwahi kuandika kwamba nina mafua, akanitumia barua kurasa tatu. Labda amechoka. Labda nimekua mno kwake. Niambie.

Dada yako


20 Desemba

Dada,

Shikamoo. Mbona umekuwa mkali? Mimi ni mdogo wako, si mahakama.

Karani nilimchukua kwa elimu yako mwenyewe. Nilitazama dakika, nikatazama ratiba, nikapiga hesabu. Basi. Au unataka niseme ni uganga?

Mama mzima. Anasema usijali. Kwa mwandiko, ni kweli umelala, nilimwambia Mama kwamba siku hizi unaandika kama daktari.

Habari njema ni kwamba nimeongeza mwingine. Yule kijana wa akiba anayecheza nafasi ya Upepo, mlinzi wenu mwenye mbio. Nilimchukua Jumatatu ile ile niliyopata barua yako. Jumatano Upepo hakuonekana uwanjani na kijana wangu akatoa pasi mpaka basi. Niko wa kwanza! Chai yuko kileleni! Sasa hivi wananiita kwa heshima, nusu heshima. Mkataji wa karatasi ananinong'oneza nimpe jina moja.

Msimamizi ndiye amevimba. Ameanza kunizungukazunguka. Jana aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, "Dada yako anafanya kazi wapi vile?" Nikamwambia yuko mbali huko, anachua watu. Nikaona anakuna kidevu. Wivu tu, usiutilie maanani.

Kitinda wako,
aliye juu ya ubao


30 Januari

Kitinda,

Afya yangu leo siisemi.

Msimamizi wako ameandika barua klabuni. Kurasa mbili, zimepigwa chapa safi, huenda kwa mtambo unaosimama nyuma yako. Ameeleza kwamba ndani ya kiwanda chake kuna mtu aliyejua mara mbili kwamba wachezaji wetu hawatacheza, na kwamba mtu huyo ana dada kwenye chumba cha kuchulia. Meneja aliniita, akaiweka mezani mbele yangu. Nilimwona anaangalia nilivyokuwa nimeukumbatia mkono wangu, akadhani ndiyo hatia.

Aliniuliza kama tunaandikiana. Nikasema ndiyo. Akataka barua zako, nikampelekea zote kwa hiari yangu. Alipofika kwenye "tuko pamoja" alirudia kuusoma huo mstari, akavua miwani.

Sasa nisikilize. Kuna kikao mwisho wa Februari. Wakiamua nimetoa siri, nimekwisha. Kila usiku narudia kichwani nilichokuandikia na sioni jina la mtu hata mmoja, sioni goti, sioni kifundo cha mguu. Na mara mbili ulijua. Kama kuna mtu mwingine ndani ya klabu anayekuambia, mtaje. Kama ni kitu nilichoandika mimi, nionyeshe ni kipi. Wenzangu wameacha kula meza moja na mimi. Yule ninayefanya naye kazi chumba kimoja anafunga kabati lake nikiingia.

Usinipige chenga safari hii. Andika ukweli, andika haraka.

Na Mama? Tangu Oktoba, ukiacha salamu, sijasikia neno lake hata moja. Nimemkosea nini?

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, imefika leo, na nimeomba ruhusa kazini nikuandikie mara moja. Msimamizi nimemkabili mbele ya watu wote. Hakukana. Alisema analinda haki ya ligi. Nilitaka kumrushia ndoo ya wino, mkataji wa karatasi akanishika.

Nakueleza sasa, peupe, na barua hii mwonyeshe meneja.

Hakuna mtu ndani ya klabu. Ni kidole chako. Unakumbuka Baba alipovunjika mguu, wewe ukiwa bado mwanafunzi, ukawa unamkanda goti kila jioni? Baba alikuwa mtu wa mwili. Kila ulipomaliza ulikuwa unaukunja mkono na kusema kidole gumba kinakufa. Wiki ambazo hukumkanda, kidole kilikuwa kizima. Sasa ulipoandika Oktoba kwamba shina la kidole linauma, nikajua una mtu mzito mezani, na goti lake baya. Mzito kwenu ni nani? Mnara. Nikamchukua Karani. Ulipoandika mkono umezidi na chupa imekutoka, nikasema sasa wamekuwa wawili, na anayekimbia zaidi ni Upepo. Nikamchukua wa akiba wake. Basi, ni hivyo tu. Kwa kweli nilijiona mjanja sana. Wenzangu wanasoma karatasi za vikosi, mimi nilikuwa nasoma mkono wako.

Kwa hiyo hukutoa siri. Uliandika afya yako kama Mama alivyotufundisha na mimi nikajumlisha. Meneja akiwa na akili ataona.

Lakini niambie kitu kimoja, roho itulie: Upepo ni goti au nyonga?

Kitinda


3 Machi

Kitinda,

Barua hii naitamka na anayeiandika ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, mwandiko wake mzuri kama unavyoona. Kwa hiyo nitasema machache, ingawa yeye anasema niendelee, hana pa kwenda.

Meneja aliisoma barua yako kikaoni, kwa sauti, mbele ya wote. Alipofika kwenye goti la Baba akaanza kucheka. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona anacheka. Mnara, kwa taarifa yako, alikuwa na homa, na ilitangazwa redioni asubuhi ya mchezo. Upepo alifungiwa na ligi kwa kumtukana mwamuzi. Hakuna goti, hakuna nyonga. Ulibahatisha mara mbili, mdogo wangu. Meneja akasema hakuna siri iliyotoka, akalifunga jalada, akaniomba radhi. Mwenzangu wa chumba akanikumbatia. Nilikuwa huru kwa muda wa kunywa maji.

Halafu meneja akanirudishia macho. Akauliza, "Sasa kama hukuwa unamkanda mtu mzito, kidole kilikuwa kinauma kwa nini?"

Akanyoosha mkono wake juu ya meza, akasema, "Hebu nibane hapa." Nikambana. Nilibana kwa nguvu zangu zote, jasho linanitoka, na yeye ananitazama kana kwamba bado hajaguswa. Watu wote mezani waliona.

Sikuwa namkanda mtu mzito, Kitinda. Tangu Septemba wazito wote nilimwachia mwenzangu, nikamwambia nataka kujifunza miguu ya vijana wepesi. Nilikuwa nachua kwa kiwiko, nikichua kwa mkono wa kushoto, nikicheka sana ili wasitazame. Kwa daktari wa klabu nisingeweza kwenda, angeandika na ningetolewa. Kwa daktari wa nje ningeweza kwenda. Najua viungo, ndiyo kazi yangu, nilijua kabisa ni nini. Ila niliogopa kusikia. Nilitaka mtu wangu wa nyumbani aniambie nenda. Ndiyo maana nilikwambia msomee Mama usipunguze. Mama angesema nenda, ningekwenda siku ile ile, ningelalamika njia nzima lakini ningekwenda.

Wamenipasua juzi. Mshipa wa fahamu ulibanwa muda mrefu. Daktari amesema ningekuja Oktoba angenifunga bandeji ngumu mwezi mmoja na mambo yangekwisha. Sasa nitashika kijiko, nitafunga vifungo. Kuchua, hapana. Klabu imenishukuru kwa barua yenye muhuri.

Sina hasira na wewe kwa ajili ya ligi. Nilikufundisha mwenyewe kutazama wasiotazamwa, na ulikuwa mwanafunzi mzuri.

Nina swali moja, na ndilo limenifanya nimsumbue mwalimu wa watu. Siku ile ulipomsomea Mama barua yangu ya Oktoba, alisema nini?

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Msimu umekwisha jana na kiti cha dirishani nimekipata mimi. Msimamizi alinipa mkono mbele ya wote, akaniita kwa jina langu. Nilikaa pale hadi kufunga kazi, upepo unanipiga usoni, nikiwaza nitakavyokuandikia. Nilipofika nyumbani nikakuta barua yako mezani.

Mama alikuwa keshaipapasa na kuisogeza machoni, keshajua si mwandiko wako. Akasema soma. Nilitaka kuruka. Unajua haiwezekani. Nilimsomea yote, hadi swali lako. Halafu akaniambia nichukue kalamu, niandike anavyotamka, nisitie wala nisipunguze, na nikimaliza nimsomee tena aone kama nimeruka. Haya ndiyo maneno yake.

"Mwanangu. Afya kwanza. Kichwa kinauma leo. Moyo pia. Miguu mizima, na kesho itapanda basi kuja kwako, huyu atanishika mkono njiani na hatanisemesha.

"Oktoba nilisema, mwambie aende kwa daktari kesho asubuhi, kidole gumba hakiumi bure kwa mtu wa kazi yake. Baada ya ile ya chupa nilisema, mwambie aache kazi hiyo leo, arudi nyumbani, mkono wake ni mkubwa kuliko timu yao. Januari nilisema, muulize mwanangu kwa nini hanijibu. Huyu akaniambia una kazi nyingi, na leo amekiri kwamba mwisho wa barua zako, uliponiulizia, alikuwa anaukata. Kumbe alijua nikikutuma kwa daktari utapona, na ukipona hutaandika tena kidole.

"Mimi nilikaa humu ndani miezi yote hii nikidhani ni wewe usiyetaka kunijibu."